Binti Mfalme Ana Babaye

Waingereza na Wafaransa wana neno moja tu la kumtaja msichana wa jumba la kifalme, na asili yake ni Kilatini, kwa maana ya mtu wa kwanza, atanguliaye wengine. Sisi husema binti mfalme, yaani binti wa mfalme. Hatuwezi kumtaja msichana huyo bila ya kumtaja babaye. Kweli, Kiswahili cha kale cha Lamu na Pate kilikuwa na 'mwana' kama cheo cha bibi wa hadhi, ndiyo maana tukawa na Mwana Kupona, lakini neno hilo nalo huchukua pia maana ya mtoto. Wanafunzi wangu wa isimu hulipita jambo hili upesi kana kwamba ni upungufu wa msamiati. Mimi limenifaa sana nyumbani, katika malezi ya binti yangu mwenye umri wa miaka mitano.

Kila jioni avuapo sare ya shule, mtoto huyu huchukua sweta na kujifunga kichwani, mikono ya sweta ikining'inia mgongoni. Hizo, asema, ndizo nywele zake. Leso yangu huwa gauni. Nilipomwuliza kwa nini asiwe binti mfalme kwa nywele alizopewa na Mungu, alinitazama kwa huruma, kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi mzito, akajibu: "Mama, wale hawana nywele kama zetu."

Mama mmoja wa jumuiya yetu hushikilia kwamba mchezo huu ni mbegu ya majivuno, na kwamba mtoto wa Kikatoliki yafaa aigize utawa wala si ufalme. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Kanisa letu halijapata kulionea haya taji. Tendo la tano la utukufu katika Rozari ni kutawazwa kwa Bikira Maria. Na mwaka wa 1954 Papa Pius XII aliweka rasmi sikukuu ya Maria Malkia, ambayo sasa huadhimishwa tarehe 22 Agosti. Isitoshe, siku ya ubatizo padre humpaka mtoto mchanga krisma utosini, akimtaja Kristo aliye Kuhani, Nabii na Mfalme, kisha mtoto huvikwa vazi jeupe. Mtoto aliyekwisha kupakwa mafuta hayo, leo tumwambie kwamba taji ni dhambi? La hasha! Yeye ni binti mfalme kwa maana ileile ya Kiswahili: ana Baba.

Kinachonikera mimi ni ile sweta. Filamu ya Snow White ilitoka mwaka wa 1937, na Cinderella ikafuata mwaka wa 1950. Binti mfalme mweusi wa kwanza katika filamu za kampuni hiyo hiyo alitokea mwaka wa 2009, miaka 72 baada ya Snow White, naye, ajabu, hukaa sehemu kubwa ya filamu akiwa chura! Na tusiwalaumu Wamarekani peke yao. Katika shule moja ya chekechea nilikoalikwa kutazama mchezo wa kufunga mwaka, nafasi ya binti mfalme alipewa msichana aliyekuwa mweupe kuliko wenzake, mwenye nywele zilizonyoshwa. Waliosalia wakawa maua na miti. Yamkini hakuna mwalimu aliyekusudia ubaya, lakini ile miti ilielewa.

Kwa hiyo sikumpokonya binti yangu taji. Nilimletea mabinti wafalme wengine. Nilianza na Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, aliyezaliwa mwaka wa 1207, bintiye Mfalme Andrea wa Pili. Husimuliwa kwamba alipoingia kanisani alilivua taji lake mbele ya msalaba, kwa kuwa hakuweza kuvaa dhahabu mbele ya Mfalme aliyevikwa miiba. Mumewe alifariki mwaka wa 1227, akamwacha mjane wa miaka 20 mwenye watoto watatu. Alijenga hospitali mjini Marburg, akawauguza maskini kwa mikono yake mwenyewe hadi alipofariki mwaka wa 1231. Binti yangu alitaka kujua kama aliwaosha wagonjwa akiwa na gauni refu. Tangu siku hiyo wanasesere wetu wote ni wagonjwa, na leso imekuwa shuka la hospitali.

Kisha nikamleta karibu na nyumbani, Buganda, ambako binti mfalme huitwa mumbejja. Clara Nalumansi alikuwa bintiye Kabaka Mutesa wa Kwanza. Katika miaka ya 1880, nduguye Mwanga akiwa kwenye kiti cha enzi, alibatizwa Mkatoliki, akafunga ndoa ilhali desturi haikuwaruhusu mabinti wa Kabaka kuolewa. Habari za kuuawa kwake nimeziweka akiba hadi mtoto akue. Swali lake la kwanza lilihusu nywele. Nikamwambia alikuwa Mganda, nywele zake kama zetu. "Kama zangu kabisa?" Kabisa. Sweta bado huonekana kichwani jioni nyingine. Sikutarajia hadithi mbili zishinde filamu zote za dunia kwa mwezi mmoja.

Walimu wenzangu wa chekechea hivi karibuni watachagua waigizaji wa muhula wa tatu. Ningewaomba wamtafute binti mfalme wao miongoni mwa wale ambao mwaka jana walikuwa miti.