Mazungumzo ya Fikra Redioni na Wajibu wa Mhubiri

Utangulizi

Mchungaji apandapo mimbarani anajua kwamba hakuna atakayemkatiza. Hata yule asiyekubaliana naye atavumilia mpaka baraka ya mwisho. Msikilizaji wa redio hafungwi na adabu hiyo. Akichoshwa au akidharauliwa, hugeuza kitufe, na msemaji hatajua kamwe kwamba amepoteza mtu.

Katika makala hii tutaeleza aina moja ya vipindi vya redio ya umma, yaani vile vinavyochunguza fikra, utamaduni, sayansi na siasa kwa njia ya mihadhara na mazungumzo. Mfano wetu mkuu utakuwa Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, kwa kuwa historia yake inafahamika vizuri, na kwa kuwa mmoja wa wasemaji wake mashuhuri alikuwa mzaliwa wa Mombasa. Baadaye tutatazama mfano wa Tanzania, kisha tutauliza mambo haya yanamhusu nini mtumishi wa Neno.

1. Asili na kusudi

BBC ilianza mwaka 1922 ikiwa kampuni, na mwaka 1927 ikafanywa shirika la umma kwa hati ya kifalme. Kiongozi wake wa kwanza, John Reith, alikuwa mwana wa mchungaji wa Kanisa Huru la Scotland. Yeye aliamini kwamba redio ina kazi tatu: kuarifu, kuelimisha na kuburudisha. Gharama zililipwa kwa ada ya leseni iliyotozwa kila nyumba yenye redio. Hivyo shirika halikumtegemea mfanyabiashara mwenye matangazo, wala halikuwa idara ya serikali. Katika ukumbi wa makao yake makuu mjini London kuna maandishi ya Kilatini ya mwaka 1931 yanayoiweka jumba hiyo wakfu kwa Mungu Mwenyezi, nayo yanafuata mawazo ya Wafilipi 4:8.

Yafaa tukiri kwamba nia hiyo njema ilikuwa na kasoro. Reith alidhani anajua watu wanastahili kusikia nini, na watu wenyewe hawakuulizwa. Historia ya vipindi tunavyovieleza ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kujifunza kumwachia msikilizaji nafasi ya kuuliza na kupima.

2. Namna tatu za vipindi

Namna ya kwanza ni mhadhara. Mwaka 1948 BBC ilianzisha Mihadhara ya Reith, ambayo hutolewa kila mwaka na mtu mwenye jambo zito la kusema. Wa kwanza alikuwa mwanafalsafa Bertrand Russell, aliyezungumzia mamlaka na uhuru wa mtu binafsi. Zamani msemaji alisoma peke yake chumbani mbele ya kipaza sauti. Siku hizi husema mbele ya hadhira, kisha huulizwa maswali.

Namna ya pili ni mjadala wa watu wawili wanaopingana. Namna ya tatu ni meza ya wanazuoni, na mfano wake ni kipindi cha In Our Time, kilichoanza mwaka 1998 na kuongozwa na Melvyn Bragg hadi mwaka 2025. Wanazuoni watatu huzungumza juu ya somo moja, liwe la fizikia, la ushairi au la Mtume Paulo. Mwendeshaji si bingwa wa somo hilo. Kazi yake ni kuuliza kwa niaba ya msikilizaji: hapo una maana gani? Umejuaje? Mwenzako mbona anasema vingine? Mwanazuoni aliyezoea kujificha nyuma ya istilahi hulazimika kutoka nje.

3. Mifano inayotuhusu

Tarehe 28 Januari 1948 BBC ilitangaza mjadala juu ya kuwako kwa Mungu. Padre Frederick Copleston, Mjesuiti, alishindana kwa hoja na Russell, ambaye hakuamini. Copleston alisema kwamba kila kitu tukionacho kinategemea kingine ili kiwepo, kwa hiyo lazima pawe na Yeye asiyetegemea chochote. Russell alijibu kwamba ulimwengu upo tu, na haimpasi mtu kuutafutia sababu. Hakuna aliyemshinda mwenziwe. Lakini kila mmoja aliijibu hoja ya mpinzani wake, na mjadala huo ungali ukisomwa katika madarasa ya falsafa ya dini.

Mwaka 1978 Mihadhara ya Reith ilitolewa na Edward Norman, kasisi wa Kianglikana na mwanahistoria wa Cambridge. Aliyashutumu makanisa kwa kuyachukua mawazo ya kisiasa ya wasomi wa Magharibi na kuyavika vazi la Injili. Shutuma hiyo iliwachoma wengi, nao wanatheolojia walimjibu. Waliomjibu walipaswa kueleza ni kitu gani katika msimamo wao kinatoka katika Injili yenyewe. Naye Norman alibaki na swali lake: je, kanisa linaponyamaza mbele ya udhalimu, kimya hicho si siasa pia?

Mwaka uliofuata, 1979, zamu ilikuwa ya Ali Mazrui. Msomaji atakumbuka kwamba alizaliwa Mombasa mwaka 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na kwamba alifundisha Makerere kabla ya kwenda Marekani. Mihadhara yake sita ilihusu hali ya Afrika. Wa kwanza aliupa jina la bustani ya Edeni inayooza, na wa pili msalaba wa fedheha. Humo alidai kwamba Waafrika huenda si watu walioteswa kikatili kuliko wote, lakini ndio waliofedheheshwa kuliko wote katika historia ya karibuni, kwa utumwa, ukoloni na ubaguzi wa rangi. Katika mhadhara wa mwisho alisema Afrika nayo ijipatie silaha za nyuklia, ili mataifa makubwa yashtuke na kuanza kuziharibu za kwao. Hoja hiyo ilipingwa vikali.

Hapa tutue kidogo. Mwislamu wa pwani yetu aliichukua picha ya Msalaba ili kuwaeleza Waingereza maumivu ya Waafrika, naye akaeleweka. Je, sisi tunaoihubiri picha hiyo kila Jumapili tumewahi kuyaeleza maumivu hayo kwa uwazi kama huo?

4. Mfano wa Tanzania

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya wasomi wa Ulaya tu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi vijijini. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi, kisha wakaamua la kufanya, kama vile kuchimba vyoo au kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Kampeni hiyo ilikuwa na mafundisho yaliyopangwa na wakubwa, wala haikuwa uwanja wa kupinga. Hata hivyo ilionyesha kwamba kipindi huzaa matunda pale watu wanapoketi pamoja kukijadili baada ya redio kuzimwa.

5. Hatari zake

Kwanza, mazungumzo yanaweza kugeuka mchezo wa ufasaha, ambapo mwenye maneno mengi huonekana mwenye kweli. Pili, mwendeshaji akitaka kuonyesha usawa anaweza kumpa mzushi nafasi ileile anayompa aliyefanya utafiti. Tatu, anayelipa gharama, awe serikali au mfanyabiashara, huvutwa kuchagua maswali yasiyoulizwa. Redio ya kanisa nayo haina kinga mbele ya jaribu hili la tatu.

Hitimisho

Mchungaji anayealikwa studioni ana mambo matatu ya kujifunza. Aiseme hoja ya mpinzani hadi mpinzani mwenyewe akubali kwamba ndiyo yake. Aeleze kila neno la kitheolojia kwa lugha ya mtu aliye jikoni au shambani. Na anapoulizwa asilolijua, aseme kwamba halijui.

Tena asingoje kualikwa. Usharika unaweza kuwa na jioni moja kwa mwezi ambapo mahubiri ya Jumapili yanaulizwa maswali, na kijana mwenye shaka akasikilizwa bila kukemewa. Tusipompa nafasi hiyo, hataacha kuuliza. Atawauliza wengine, nasi hatutakuwapo kusikia jibu atakalopewa.