Miwani inayomwonyesha fundi jengo kabla halijasimama

KWA karne nyingi mafundi wa ujenzi wametegemea vitu viwili: mchoro ulio kwenye karatasi, na picha wanayoiunda akilini baada ya kuusoma. Baina ya karatasi na akili ndipo makosa mengi huzaliwa. Nguzo husogea shubiri moja, bomba hupitishwa palipotengewa boriti, na ukuta uliokwisha kupigwa lipu hubomolewa upya kwa gharama ya mwenye nyumba.

Teknolojia iitwayo uhalisia ulioongezwa inanuiwa kuziba pengo hilo. Isichanganywe na uhalisia pepe, ambao humziba mtu macho na kumwingiza katika ulimwengu wa kompyuta. Hapa fundi huendelea kuuona mchanga, matofali na wenzake. Kinachoongezwa ni taswira ya jengo, kwa vipimo vyake kamili, anayoiona kupitia simu, tableti au miwani maalumu.

Wazo lenyewe si geni. Mnamo 1968, Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani ambacho kilikuwa kizito hata kikalazimika kuning'inizwa darini. Jina la teknolojia hii lilizuka mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika kampuni ya ndege ya Boeing, ambako Tom Caudell alikuwa akitafuta njia ya kuwaelekeza wafanyakazi waliounganisha nyaya za ndege. Katikati ya mwongo huo, Steven Feiner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliwawezesha watu kutazama viungo vya jengo vilivyofichika ndani ya kuta na dari.

Si kwamba kifaa chao kilipenya ukuta. Kilionyesha tu yaliyokuwa katika michoro, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko wauzaji wa vifaa hivi wanavyopenda kukiri.

Mfano unaovutia zaidi ulionekana mwaka wa 2019 katika tamasha la usanifu majengo mjini Tallinn, Estonia. Kampuni ya Fologram ya Australia, ikishirikiana na wasanifu Soomeen Hahm na Igor Pantic, ilijenga banda la mbao zilizopindwa kwa mvuke. Mbao za aina hiyo hazipindiki sawasawa. Kila moja ina ukaidi wake. Mafundi walivaa miwani ya HoloLens, wakaiona mikunjo iliyokusudiwa ikielea hewani, nao wakaikunja mbao kwa mikono hadi ilipolingana na taswira. Kazi ambayo wengi wangeidhania kuwa ya roboti ilifanywa na mafundi wenye vifaa vya kawaida.

Ili taswira ikae mahali pake, kamera na vihisio vya kifaa hupima mazingira, kisha fundi hukilinganisha na alama iliyobandikwa mahali panapojulikana. Anapotembea mbali na alama hiyo, taswira huweza kuteleza. Kosa la sentimita mbili si neno kwa anayemwonyesha mteja sebule yake ijayo, lakini kwa anayefunga nondo ni jambo zito. Aidha, jua kali huififiza taswira, na betri ya HoloLens 2 hudumu takriban saa 2 au 3 tu. Microsoft yenyewe iliacha kuiunda miwani hiyo mnamo 2024. Simu, hata hivyo, zimekuwa na uwezo huu tangu Apple na Google zilipotoa programu za kuunda huduma hizo mnamo 2017 na 2018.

Je, teknolojia hii ingezuia mikasa kama ule wa Huruma, Nairobi, ambako jengo la ghorofa 6 liliporomoka Aprili 2016 na kuua takriban watu 50? La. Jengo hilo lilikuwa kando ya mto na lilikuwa limetajwa kuwa hatari kabla ya kuanguka. Kilichokosekana hapo si miwani.

Inapoweza kufaa ni katika ile siku moja au mbili kabla ya zege kumwagwa, nondo zikiwa bado wazi. Mkaguzi mwenye tableti angeweza kuulinganisha mchoro ulioidhinishwa na chuma kilichofungwa, akaihesabu mianya na kuinakili kwa picha. Lakini sharti kwanza mchoro huo uwe umechorwa kwa kompyuta katika vipimo vyote vitatu, na uwe ndio unaofuatwa kiwanjani, si ule uliopelekwa afisini kutafutia kibali pekee. Akifika zege limekwisha kukauka, tableti itamwonyesha nondo zilizochorwa, ziwe zimo au hazimo.