Kabla Hujanunua Inveta Kubwa

Jirani yangu anauza barafu na samaki. Mgawo wa umeme ulipotuzidi hapa Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2024, alichukua fedha zake zote za upatu akanunua inveta ya wati 3000 na betri moja. Chombo kilikuwa kizito, chenye kung'aa, na majirani tulikwenda kumpongeza. Kesho yake umeme ulikatika saa mbili asubuhi. Kabla ya adhuhuri friza zake mbili zilikuwa zimezima, na jioni tulimsaidia kumwaga samaki.

"Dada, nimeibiwa," aliniambia.

Hakuibiwa. Inveta ilikuwa nzima na wati zake zilikuwa za kweli. Kosa la muuzaji ni kwamba hakumwuliza hata swali moja: unataka kuwasha nini, na kwa muda gani?

Naandika haya kwa sababu akina mama wengi siku hizi wanaulizia inveta kubwa. Zamani tulitaka taa mbili na redio, basi. Sasa tunataka friza, pampu ya maji na cherehani ya umeme. Bei ya paneli za jua nayo imeshuka sana katika miaka hii. Tena si sisi peke yetu. Afrika Kusini, ambako mgawo ulikuwa mkali mno mwaka 2023, serikali iliwapunguzia kodi walionunua paneli mpya za nyumbani: robo ya gharama, isiyozidi randi 15,000. Inveta na betri hazikuhesabiwa. Hapa kwetu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulianza kuzalisha umeme Februari 2024, lakini nguzo ikianguka mtaani, bwawa halikusaidii.

Sasa turudi kwa jirani. Inveta hugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani. Haihifadhi kitu. Ifananishe na bomba: wati 3000 ni upana wa bomba, lakini maji yamo ndani ya tangi, nalo tangi ni betri. Yeye alinunua bomba pana akaliunganisha na ndoo.

Chukua kalamu tuhesabu. Betri yake ni ya volti 12 na ampia-saa 200. Zidisha, unapata wati-saa 2400. Betri ya kawaida ya asidi haifai kukamuliwa zaidi ya nusu, maana hufa mapema, zimebaki 1200. Inveta yenyewe nayo hula kidogo. Tuseme 1000. Friza zake mbili, zikiwa zinagandisha mfululizo, hutumia kama wati 300. Gawanya: ni muda wa saa tatu na dakika ishirini. Umeme ulirudi saa kumi na mbili jioni.

Na hapo bado hajapiga pasi! Pasi ya wati 1000 ingeimaliza akiba hiyo yote katika muda wa saa moja. Birika la umeme ni hivyo hivyo. Kwa maoni yangu, kitu chochote kinachotoa joto kisiguse inveta.

Kulikuwa na tatizo la pili. Inveta yake haikuwa ya sola. Ilijaza betri kwa umeme wa gridi, kwa chaja ya ampia 20. Kurudisha nusu ya betri ile huchukua muda wa saa tano na zaidi. Usiku umeme ukikaa kidogo tu ukakatika tena, asubuhi huanza na betri tupu. Inveta ya namna hiyo inawafaa wale ambao umeme hukatika kwa muda mfupi. Wala haipunguzi matumizi ya luku. Huyaongeza kidogo, kwani kila ukijaza na kutoa kuna umeme unaopotea.

Fundi aliyeitwa baadaye, mzee mmoja mpole, alimwuliza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: "Mama, umeme wako hukatika mchana au usiku?" Mchana. Na jua lipo mchana. Badala ya kumrundikia betri, alimshauri aweke paneli mbili za wati 400 na kidhibiti chaji, ili jua liendeshe friza palepale na kinachobaki kiingie betrini. Betri za lithiamu ni bora, hudumu miaka mingi na hukubali kukamuliwa zaidi, ila nyingi za majumbani ni za volti 48, na inveta yake ya volti 12 isingezipokea.

Mzee alikagua pia kama inveta hutoa mawimbi laini kama ya gridi. Zile za bei rahisi sana hufanya mota ya friza ingurume na kupata moto. Tena mota inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida. Hapo ndipo ukubwa wa inveta una kazi. Kisha akaitoa betri chumbani kwa watoto, akaiweka barazani penye hewa, mbali na jiko, kwa kuwa betri ya asidi inapojazwa hutoa gesi inayoshika moto.

Paneli zilimgharimu raundi nyingine nzima ya upatu. Leo samaki wake wamelala kwenye barafu. Mumewe amezoea kuvaa shati la mikunjo siku umeme unapokatika.