Bomba la Katikati

Donald Ross alizaliwa Dornoch, Uskoti, mwaka 1872. Alijifunza kazi kwa Old Tom Morris kule St Andrews, akahamia Marekani, akasanifu mamia ya viwanja vya gofu. Uwanja mmoja hakuchoka kuurudia: Pinehurst No. 2 wa North Carolina, uliofunguliwa 1907. Alijenga nyumba kando yake na kuendelea kuurekebisha hadi alipofariki mwaka 1948.

Waliomfuata walikuwa na nia njema, na ndio walioufuta. Mchanga wa asili ulifunikwa kwa nyasi, nyasi zikanyweshwa maji, njia za kuchezea zikabanwa. Kufikia 2010 uwanja ulikuwa kijani kibichi kila pembe, usiotofautiana na vingine vingi.

Ndipo wakaitwa wasanifu Bill Coore na Ben Crenshaw waurudishe ulivyokuwa. Crenshaw, mchezaji gofu, alishinda mashindano ya Masters mwaka 1984 na 1995. Coore, mzaliwa wa jimbo hilohilo, aliucheza uwanja huu tangu ujana wake. Usanifu aliupata kwa kufanya kazi chini ya Pete Dye.

Walianza na picha za angani za mwaka 1943, zilizoonyesha kingo za zamani za njia. Lakini shahidi bora alikuwa ardhini: bomba kuukuu la kumwagilia, lililopita katikati ya kila njia. Enzi za Ross maji yalirushwa kutoka mstari huo mmoja tu. Karibu na bomba nyasi zilinawiri, mbali kidogo zikadhoofu, kisha ukabaki mchanga mtupu. Kulifuata bomba kulikuwa kuifuata njia ya Ross, na mahali maji yalipokomea ndipo upana wake ulipoishia.

Takriban ekari 35 za nyasi ziling'olewa. Vinyunyizio vilipungua kutoka 1,150 hadi 450, na vishungi vya nyasi ngumu za asili vikapandwa mchangani. Grini, yaani sehemu za nyasi fupi zenye mashimo, zilizoinuka mgongo kwa miaka mingi ya kumwagiwa mchanga, karibu zote waliziacha walivyozikuta. Uamuzi huo unastahili heshima kuliko yote, maana wachezaji wa vizazi kadhaa walikuwa wameujua uwanja huo kwa grini hizo.

Juni 2014 Pinehurst iliandaa US Open ya wanaume na ya wanawake kwa wiki mbili mfululizo. Baadhi ya watazamaji walilalamikia rangi ya kahawia kwenye televisheni. Mjerumani Martin Kaymer hakulalamika: mpira wake ulipoteremka kutoka kwenye mgongo wa grini, mara nyingi hakuurusha juu, bali aliusukuma upande mlima kwa fimbo ileile ya kumalizia shimoni. Alishinda akiwa mikwaju 9 chini ya kiwango. Waliomfuata, wawili tu, walimaliza wakiwa 1 chini.