Je, Wajua? Siri za Gurudumu Linapokata Kona

Mvua ikinyesha Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio kando ya ziwa, boda boda, tuktuk na mkokoteni wa punda hupambana na tatizo moja linalowasumbua pia vijana wanaounda roboti za mashindano: gurudumu linalokwenda vizuri penye njia iliyonyooka huanza kuteleza pindi linapotakiwa kupinda. Haya hapa machache ya kukufungua macho.

Mshiko ni mmoja, kazi ni mbili. Gurudumu lina kiasi fulani tu cha nguvu za kushika ardhi. Nguvu hizo hizo ndizo zinazosukuma chombo mbele au kukifunga breki, na ndizo zinazokipindisha. Ni kama mshahara: ukiumaliza kwenye kodi ya nyumba, pesa ya unga itatoka wapi? Ndiyo maana dereva mzoefu hupunguza mwendo kabla ya kona, wala hangoji afike katikati ndipo akanyage breki.

Gurudumu la nje husafiri zaidi. Gari ambalo magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana kwa mita 1.5 likigeuka kurudi lilikotoka, gurudumu la nje hutembea takriban mita 4.7 zaidi ya la ndani. Yangefungwa pamoja kwa chuma kimoja, mojawapo lingelazimika kuburutwa. Difu, yaani mfumo wa gia ulio kati yake, ndiyo inayoyaruhusu kuzunguka kwa kasi tofauti.

Lakini difu hiyo hiyo hukukwamisha. Tairi moja likiwa kwenye tope na jingine kwenye ardhi kavu, difu ya kawaida huliacha la topeni lizunguke bure huku la pakavu likisimama tuli. Magari ya mashindano hufungwa difu za aina nyingine, zinazozuia tofauti hiyo ya kasi isizidi kiasi.

Wazo la kila gurudumu kuwa na pembe yake lina zaidi ya miaka 200. Mwaka 1817, fundi wa magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, alibuni usukani unaolipinda gurudumu la ndani zaidi ya la nje. Wakala wake, Rudolph Ackermann, aliuandikishia hataza London mwaka 1818, na hadi leo unaitwa kwa jina la Ackermann.

Kuna roboti yenye mota 8 za kuiendesha tu. Katika mfumo uitwao swavu (swerve), kila gurudumu kati ya manne lina mota moja ya kulizungusha na nyingine ya kuligeuza. Roboti yaweza kwenda kando kama kaa huku uso wake ukiangalia mbele. Ikiwa na umbo la mraba na ikitaka kuzunguka papo hapo, kila gurudumu hujipanga kwa nyuzi 45 kutoka ubavu wake. Moja likikosea pembe, mengine matatu huliburuta, na mpira wake hulika.

Gurudumu la swavu halihitaji kugeuka zaidi ya nyuzi 90. Likiambiwa ligeuke nyuzi 150, programu nzuri huligeuza 30 tu upande wa pili, kisha huizungusha mota kinyumenyume. Muda wa gurudumu kuangalia kusikofaa hupungua, na kuteleza pia.

Gurudumu ambalo halijafika kwenye pembe yake halistahili kasi yote. Waandishi wa programu huipunguza kasi kwa kosaini ya pembe iliyobaki. Zikibaki nyuzi 60, gurudumu hupewa nusu ya kasi. Zikibaki 90, halipewi kitu.

Umeme mwingi si mshiko mwingi. Tairi likishaanza kuteleza, kwa kawaida hushika sakafu kidogo kuliko lilipokuwa likibingirika bila kuteleza. Kwa hiyo waundaji huiwekea mota kikomo cha umeme kilicho chini kidogo ya kile kinacholifanya gurudumu lizunguke bure, na huipandisha kasi hatua kwa hatua.

Garimoshi hubeba mchanga. Magurudumu yake hukazwa mawili mawili kwenye ekseli moja bila difu. Yamechongwa kwa mteremko kidogo, hivyo kwenye kona ekseli husogea na gurudumu la nje kubingirika kwenye sehemu iliyo pana zaidi. Reli ikiteleza, dereva humwaga mchanga mbele ya magurudumu ya injini.

Mchanga huo huo ni adui wa Safari Rally. Mashindano hayo yaliporejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, madereva walikutana na fesh-fesh, mchanga laini kama vumbi unaolimeza tairi, hasa Kedong. Sébastien Ogier alishinda mwaka huo akiendesha Toyota. 

Magurudumu yanayojigeuza yamefika hata sayari ya Mirihi. Mwaka huo huo wa 2021, roboti Perseverance ilitua huko ikiwa na magurudumu 6. Manne ya pembeni hujigeuza, na roboti hiyo yaweza kuzunguka papo hapo.

Tairi lililolika hudanganya kompyuta. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 100 likipungua hadi 96, kila mzunguko hupoteza asilimia 4 ya safari. Likiwa limefungwa pamoja na matatu mapya, yote manne yatavutana, hata kama programu haina kosa.

Karatasi moja hupima mengi. Kabla ya kugusa programu, iweke roboti kwenye sakafu iliyo sawa, kisha jaribu kupitisha karatasi chini ya kila gurudumu. Ikipita, gurudumu hilo linaelea, na huenda fremu imepinda. Ikiwa imepinda, inyooshe kwanza, maana gurudumu lisilogusa sakafu halina mshiko wowote wa kugawa.