Je, Wajua? Hakuna askari wa wastani

Mwaka 1950 Jeshi la Anga la Marekani liliwapima marubani 4,063 ili kurekebisha chumba cha rubani. Luteni Gilbert Daniels alichukua vipimo 10, kimo na kifua vikiwemo, akatafuta rubani aliye wa wastani katika vyote. Hakumpata hata mmoja! Ndipo zikaja pedali, mikanda na viti vya kurekebishwa.

Hapa Kampala jambo hili linatugusa. Tangu Machi 2007 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Mogadishu, mahali ambapo fulana ya kuzuia risasi ni uhai. Ikiwa ndefu mno, askari akiketi garini inapanda na kumkaba koo. Ikiwa fupi, tumbo linabaki wazi. Wanunuzi wa vifaa, tangulieni na futi ya fundi cherehani.