Alokasia iliyopukutisha majani haijafa: Namna ya kuiotesha upya kwa vijiazi vyake

MWEZI wa Julai, baridi inapozikumba nyanda za juu, majaa ya taka katika mitaa mingi ya Nairobi hupokea vyungu vya maua ambavyo havikustahili kutupwa. Aghalabu ndani yake mna alokasia, ule mmea wa majani mapana yenye umbo la ngao, kijani kilichokoza na mishipa myeupe inayoonekana kana kwamba imechorwa kwa chokaa. Mwenyewe aliununua ukiwa na majani matano au sita. Yakaanza kugeuka manjano moja baada ya jingine hadi kikabaki chungu cha udongo mtupu. Akahitimisha kwamba mmea umekufa.

Nami nilikuwa karibu kufanya vivyo hivyo miaka michache iliyopita. Alokasia niliyoachiwa na dada yangu alipohamia ng'ambo ilidondosha jani lake la mwisho, nikakibeba chungu hadi langoni kusubiri gari la taka. Jirani yangu, mama wa umri mkubwa aliyelelewa Murang'a akipanda nduma kando ya mto, alinizuia. Akaingiza vidole udongoni, akachokora kidogo, akatoa kitu cha kahawia chenye ukubwa wa njugu.

"Mjukuu wangu, huu haujafa. Umelala tu," akasema. "Hata nduma zetu hufanya hivi."

"Sasa nifanyeje, shosho?"

"Vitoe vyote, uvisafishe, uvipe joto. Halafu uache haraka zako."

Shosho hakukosea. Alokasia na nduma, au magimbi kama zinavyoitwa Pwani na nchini Tanzania, ni mimea ya ukoo mmoja ambao wanasayansi huuita Araceae. Asili ya alokasia ni misitu yenye joto na unyevu ya bara Asia pamoja na mashariki mwa Australia. Hata hivyo, ile inayouzwa kwa wingi zaidi, iitwayo 'Polly', haina msitu wa asili hata kidogo. Inatokana na mahuluti yaliyozalishwa katika kitalu kimoja mjini Miami, Marekani, katika miaka ya 1950. Jina la amazonica ambalo mahuluti hayo yalipewa ni la kitalu hicho, wala si la mto Amazon kama wanunuzi wengi wanavyodhani. Mmoja wa wazazi wake, Alocasia sanderiana wa Ufilipino, sasa amo miongoni mwa mimea iliyo katika hatari kubwa ya kutoweka porini, ilhali wajukuu wake wamejaa kwenye vibaraza vya dunia nzima.

Vijiazi nilivyoonyeshwa siku ile, ambavyo kitaalamu huitwa komu, si mizizi wala si mbegu. Ni vipande vya shina vilivyovimba na kusheheni wanga, ambavyo mmea mama huviotesha kando ya mizizi yake, kila kimoja kikiwa kimeshikiliwa na uzi mwembamba. Ganda lake ni la kahawia na gumu. Ndani ni cheupe au kijani hafifu. Kazi yake ni kuwa ghala. Ukame au baridi ikizidi, sehemu ya juu ya mmea hufa na uhai hubaki chini ya udongo ukingoja hali iwe afadhali. Na kwa kuwa kijiazi ni sehemu ya mwili wa mama, mche utakaochipuka humo hufanana naye, tofauti na ule unaotokana na mbegu.

Kuna kighairi kimoja ambacho kimewagharimu watu fedha. Aina zenye mabaka meupe au ya manjano hazina uhakika wa kurithisha mabaka hayo. Kijiazi chake huenda kikatoa mche wa kijani kitupu, nao wauzaji wengine hukiuza kwa bei ya mama mwenye madoadoa. Binafsi siwezi kutoa maelfu ya shilingi kwa njugu ambayo haijaonyesha jani.

Wakati unaofaa kwa kazi hii katika maeneo ya Nairobi, Kiambu na Nakuru ni kati ya Oktoba na Machi, joto linapokuwa la kutosha. Wakazi wa Mombasa, Malindi na Kisumu hawabanwi na kalenda hii. Utoe mmea chunguni, upukute udongo taratibu na kuipapasa mizizi kwa vidole. Vijiazi vilivyokomaa hung'oka kwa kuvutwa kidogo tu. Kile kinachogoma, kiache mahali pake. Vibonyeze kimoja kimoja. Kilicho kigumu kama jiwe ki hai. Kinachobonyea na kutoa maji yenye harufu mbaya kimeoza, nacho hutupwa mbali na vingine.

Viloweke katika maji safi usiku mmoja. Asubuhi ganda litakuwa limelainika, nawe unaweza kulibambua kwa ukucha. Si lazima kulibambua, lakini kufanya hivyo hupunguza mahali pa ukungu kujificha na hukuwezesha kuona upande upi ni wa juu. Hapa ndipo wengi hukosea. Upande wenye ncha ndiko chipukizi hutokea; upande wenye kovu bapa, pale palipokuwa na ule uzi, ndio wa chini. Ukikipanda kichwa chini miguu juu, aghalabu kitaota hatimaye, ila kitakuwa kimepoteza majuma kadhaa na nguvu nyingi kikijipinda kuitafuta njia.

Vitabu vya nje husifu kuvumwani ya kutoka nchi za baridi kuwa kitanda bora cha vijiazi. Huuzwa humu nchini kwa bei ghali, na sioni sababu ya kuinunua. Unga wa makumbi ya nazi, ambao vitalu vingi vinauuza, hufanya kazi hiyo barabara ukichanganywa na kiasi sawa cha pumisi, yale mawe mepesi ya volkano yanayochimbwa sehemu za Naivasha. Loanisha mchanganyiko huo kisha uufinye kwa kiganja. Yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Yakichuruzika, umetia maji mengi mno na vijiazi vitaoza kabla ya kuota.

Tafuta mkebe wa plastiki unaopenyeza mwanga, wenye kifuniko, kama ile inayofungiwa chakula hotelini. Tia mchanganyiko wako kina cha sentimita tano hivi, ukifukie kila kijiazi nusu tu, ncha ikiwa juu, kisha ufunike. Kinachotakiwa sasa ni joto la nyuzi 24 hadi 28. Katika nyumba nyingi za Nairobi joto hilo halipatikani usiku, hivyo basi juu ya friji, upande wa nyuma ambako joto hupanda, pamewaokoa wengi. Mwanga si muhimu sana hadi chipukizi litokeze. Baada ya hapo mkebe husogezwa dirishani pasipopigwa na jua kali.

Sehemu inayobaki ni ngumu kuliko zote, nayo ni kungoja. Kijiazi kimoja huchipuka baada ya majuma matatu, mwenzake wa mkebe uo huo huchukua miezi miwili au hata mitatu. Kila baada ya siku nne au tano, fungua kifuniko kwa dakika chache hewa ibadilike. Ukiona ukungu mweupe, upanguse na kuacha kifuniko wazi kwa saa kadhaa. Usivifukue ili kuchungulia, maana vijizizi vya kwanza ni laini mno na hukatika kwa kuguswa tu. Nilivivunja viwili kwa kiherehere hicho.

Jani la kwanza likifunguka, usikimbilie kuhamisha. Subiri la pili, na mizizi iwe imefika sentimita tatu au nne. Halafu umzoeshe mtoto hewa ya nyumbani: leo kifuniko kiache mwanya, kesho mwanya mkubwa zaidi, hadi baada ya siku kumi hivi mkebe ukae wazi kabisa. Mche unaotolewa ghafla kwenye unyevu huo hukauka kingo za majani katika siku chache. Chungu chake cha kwanza kiwe kidogo, kipenyo cha sentimita nane hadi kumi, chenye matundu chini. Chungu kikubwa huhifadhi maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza. Kijiazi kisikatwe, mche bado unanyonya akiba yake. Na jani la kwanza likiwa dogo, la mviringo, lisilo na mishipa meupe ya mama, usidhani umeuziwa mmea mwingine. Sura ya mama huanza kuonekana kwenye jani la tatu au la nne.

Udongo wa shambani pekee haufai. Hushikamana na kuinyima mizizi hewa. Changanya unga wa makumbi, pumisi, makapi ya mpunga na mboji kidogo iliyooza vizuri. Vipande vidogo vya makaa vikiwepo, viongezwe. Mbolea ya maji iliyozimuliwa nusu ya kipimo cha kwenye kibandiko, mara moja kwa mwezi wakati wa joto, yatosha.

Kuhusu maji, kosa linaloua alokasia nyingi ni la kuzidisha, si la kupunguza. Tia kidole chunguni. Sentimita mbili au tatu za juu zikiwa kavu, nywesha hadi maji yatoke chini, kisha umwage yaliyotuama kwenye kisahani. Asubuhi unaweza kuona matone kwenye ncha za majani. Hayo ni maji ya ziada ambayo mmea unayatoa, wala si ugonjwa. Jani moja la zamani likigeuka manjano wakati jipya linafunguka, hilo nalo ni jambo la kawaida. Yakigeuka matatu kwa mpigo, chunguza mizizi.

Joto likishuka chini ya nyuzi 15, mmea hupunguza kazi na huenda ukapukutisha majani yote. Uondoe karibu na kioo cha dirisha usiku, upunguze maji sana, lakini usiuache ukauke kabisa. Januari na Februari, hewa inapokuwa kavu, adui ni utitiri, vidudu vidogo mno vinavyofuma utando mwembamba chini ya majani na kuyaacha na vitone vya rangi ya vumbi. Panguseni majani pande zote mbili kwa kitambaa chenye maji ya sabuni hafifu kila juma hadi vitoweke.

Lipo jambo moja ambalo wauzaji huwa hawalitaji, ilhali lingefaa kuandikwa kwenye kila chungu. Alokasia ina sumu. Majani, vikonyo na vijiazi vyake vimejaa fuwele za oksaleti ya kalsiamu, zenye umbo la sindano ndogo, ambazo huchoma midomo, ulimi na koo mara mtu anapotafuna. Nduma nazo zina fuwele hizo, ndiyo maana hazilwi mbichi, ila hupikwa hadi zikaiva kabisa. Alokasia ya mapambo haipaswi kuliwa hata ikipikwa. Kwa sababu ya kufanana huko kwa majani na viazi, hatari haiko kwa watoto wachanga pekee. Nchini Japani, ambako alokasia moja hukua yenyewe karibu na makazi, watu wamewahi kuugua baada ya kuichuma wakidhani ni jamaa yake anayeliwa. Iwapo una mgeni aliyezoea kuchuma mayugwa, mwonyeshe mapema kwamba kilichoko kibarazani si mboga.

Mtoto akiitafuna, mpanguse mabaki mdomoni, asukutue kwa maji, kisha anywe maji baridi au maziwa kidogo kidogo. Asilazimishwe kutapika. Ulimi ukivimba, akishindwa kumeza au kupumua kwa shida, apelekwe hospitalini pasipo kuchelewa. Mbwa na paka hudhurika vilevile. Anayebambua vijiazi avae glavu, kwani utomvu wake huwasha ngozi, na asijipanguse macho.

Wanaoagiza vijiazi kutoka Asia kupitia mtandao wakumbuke kwamba mimea haiingii nchini kama viatu. Sheria inataka kibali cha kuingiza mimea kutoka kwa shirika la KEPHIS kabla ya mzigo kusafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Mzigo usio na hati hizo unaweza kuharibiwa bandarini au katika uwanja wa ndege. Ni afadhali kumwomba jirani mwenye mmea uliokomaa, kwani chungu kimoja kilichokaa mwaka mmoja au miwili bila kuguswa mara nyingi huwa na vijiazi kadhaa.

Changu kilikuwa na tisa. Kimoja kilikuwa kimeoza tayari, viwili nikavivunja mwenyewe kwa kuchungulia, na sita vikaota, cha mwisho kikijitokeza siku ya 71 nikiwa nimeshakata tamaa. Mche wa kwanza kupata majani matatu nilimpelekea shosho, akauweka juu ya kabati, mbali na wajukuu wake.